Kushuka Handakini Zonnebeke: Mapitio ya Makumbusho ya Passchendaele, Ubelgiji

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Ubelgiji, Uholanzi na kaskazini mwa Ufaransa wamekwisha kusikia habari za mji wa Ieper, na baadhi yao wamewahi kusimama chini ya Lango la Menin saa mbili usiku kusikiliza tarumbeta zinazopigwa kwa ajili ya askari waliokufa. Ni wachache zaidi wanaoendelea kilomita chache upande wa mashariki hadi kijiji cha Zonnebeke, ambako ndani ya jumba kubwa lenye bustani na ziwa kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya mapigano ya Passchendaele ya 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ninawaandikia hasa wazazi, walimu na viongozi wa vikundi vya vijana, kwa kuwa ninaamini hapa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kumshirikisha mgeni kumefanywa kuwa njia ya kufundisha, wala si pambo la kuuzia tiketi.

Ili thamani ya makumbusho haya ieleweke, ni lazima kwanza tukumbushane yaliyotokea. Mashambulizi ya Waingereza na washirika wao yalianza tarehe 31 Julai 1917 na kukoma tarehe 10 Novemba, siku chache baada ya Wakanada kuteka mwinuko ambao kijiji cha Passchendaele kilisimama juu yake kabla ya kugeuka kifusi. Kabla ya askari wa miguu kutoka mahandakini, mizinga ya Waingereza ilikuwa imekwisha kumwaga makombora zaidi ya milioni 4 juu ya ardhi ya mfinyanzi ambayo hulimika kwa sababu tu wakulima wa huko, kizazi baada ya kizazi, wameichimbia mitaro ya kuondoa maji. Makombora yaliivuruga mitaro hiyo, kisha mvua kubwa za Agosti zikashuka juu ya uwanja usio na pa kupitishia maji. Mashimo yakajaa, askari na nyumbu wakazama ndani ya tope, na majeruhi ambaye kwenye ardhi kavu angebebwa na watu wawili akahitaji wabeba machela sita, hata wanane, waliotembea naye kwa saa kadhaa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni karibu askari 500,000 wa pande zote mbili waliouawa, kujeruhiwa au kupotea kwa ajili ya kusogeza mstari wa vita kilomita 8 hivi, na ardhi hiyo Waingereza waliiacha ndani ya siku chache mwezi Aprili 1918.

Vyumba vya mwanzo vya makumbusho havitamshangaza mtu aliyewahi kuingia makumbusho mengine ya vita. Kuna makabati ya vioo, ramani, picha, sare na silaha, na maelezo yake yameandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Vimepangwa kwa uangalifu, lakini mtoto aliyechoka na safari atavipita haraka, nami sioni sababu ya kumlazimisha asome kila kibao.

Mambo hubadilika mgeni anapofika kwenye maelezo ya gesi ya sumu. Ilikuwa katika eneo hili hili, karibu na Langemark, ambapo tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungua mitungi ya klorini na kuuacha upepo upeleke wingu hilo kwenye mahandaki ya wapinzani wao, na ilikuwa karibu na Ieper, Julai 1917, ambapo gesi ya haradali ilitumika kwa mara ya kwanza. Badala ya kumwachia mgeni asome habari hizo tu, makumbusho humpa nafasi ya kunusa harufu zilizotengenezwa ili zifanane na za gesi zenyewe. Klorini inakumbusha maji ya bwawa la kuogelea, fosjini, gesi nyingine ya sumu, inanukia nyasi kavu zilizoanza kuvunda, na gesi ya haradali ina ukali wa haradali na kitunguu saumu kwa pamoja. Niliwatazama vijana waliokuwa mbele yetu wakikaribia kwa kicheko, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie, kisha wakanyamaza mmoja baada ya mwingine walipotambua kwamba harufu ya fosjini haikuwa mbaya hata kidogo. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la askari: alivuta kitu kinachonuka kama ghala la mkulima wa kwao, na huenda alijisikia mzima kwa saa kadhaa kabla mapafu yake hayajaanza kujaa maji. Aya nzima ya maelezo isingeweza kulifikisha jambo hilo kwa kijana wa miaka 14 kwa namna ambayo pua yake mwenyewe ilimfikishia.

Kutoka hapo njia inashuka chini ya ardhi. Katika miezi ya mwisho ya 1917 na mwanzoni mwa 1918 hapakuwa tena na nyumba wala mti wa kujifichia juu ya uwanja huu, kwa hiyo Waingereza walichimba vyumba vingi vya chini kwa chini vilivyoshikiliwa na nguzo na mbao, na makumbusho yamejenga upya mfano wa vyumba hivyo kwa ukubwa wake halisi. Mtu mrefu analazimika kuinama. Ujia ni mwembamba kiasi kwamba watu wawili wanaopishana hulazimika kugeuza mabega, taa ni hafifu, na vishindo vya makombora vinasikika juu yako. Pande zote kuna vyumba vidogo: vitanda vya mbao vilivyopandishana, chumba cha mawasiliano, chumba cha maofisa, na mahali pa kuwafungia majeruhi vidonda. Ninashauri usimame kwa muda mbele ya vitanda hivyo na kuvipima kwa macho, kwa sababu hapo ndipo adha ya kila siku, ile isiyoingia katika taarifa za ushindi na ushindwa, inapoonekana waziwazi. Watu walilala humo na nguo zilizolowa, wakiwa na chawa katika kila mshono wa shati na panya wakipita juu ya mablanketi, huku pampu za mkono zikipaswa kuvuta maji usiku na mchana ili chumba kisifurike. Chakula kilikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu, na maji ya chai yaliletwa katika madebe ya petroli yaliyobaki na ladha ya petroli.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mjadala kuhusu makumbusho shirikishi mara nyingi huishia kwenye skrini. Nimewahi kuingia katika makumbusho mengine, katika nchi nyingine ambayo sitaitaja, ambako kumbukumbu ya vita ilikuwa imegeuzwa mchezo wa kulenga shabaha na kuhesabu alama. Watoto walifurahi sana na wakatoka bila kujua nani alipigana na nani. Zonnebeke hawakufanya hivyo. Hakuna mahali ambapo mgeni hupewa nafasi ya kujifanya anaua, wala hakuna anayetangazwa mshindi. Kinachoshirikishwa ni mwili katika mambo ambayo mwili wa mgeni unaweza kuyapokea kwa heshima na bila uongo, yaani ufinyu, giza, harufu, uzito na kutembea. Hofu ya kufa haiigizwi, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote waliyoyafanya, kwa kuwa hakuna kelele ya spika itakayomfanya mtu mwenye tiketi mkononi aijue hofu hiyo.

Nje, katika bustani, yamejengwa upya mahandaki ya Waingereza na ya Wajerumani ambayo mgeni anayapitia kwa miguu. Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyezungumza polepole ili wageni wa lugha mbalimbali wamfuate, alituomba tusitazame kuta kwanza bali tutazame chini. Katika handaki la Waingereza mbao za kukanyagia zimewekwa juu ya fremu za mbao zenye umbo la herufi A iliyopinduliwa, ili maji yapite chini ya nyayo. Akainama, akapitisha mkono wake chini ya ubao mmoja na kuutoa ukiwa umelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha siku hiyo. Kisha akaeleza kwamba ubao huo ulikuwa tofauti kati ya mguu mzima na mguu uliokatwa, kwa sababu askari aliyesimama majini kwa siku kadhaa na viatu vyake alivimba miguu, ikafa ganzi, ikaanza kuoza. Ndiyo maana maofisa waliamriwa kuhakikisha kwamba kila askari anabadilisha soksi na kupakwa miguuni mafuta ya nyangumi, na kwamba askari wawili wawili wanakaguana miguu. Katika handaki la Wajerumani, fito zimesukwa ukutani kwa mikono ili kuzuia udongo usiporomoke, kazi ambayo mtu yeyote aliyejenga nyumba ya udongo na fito ataitambua mara moja. Kupita katika handaki moja na kisha jingine kunamfundisha mgeni, bila hotuba, kwamba pande zote mbili zilipigana na adui mmoja zaidi, nayo ni maji.

Kilele cha huduma zao, hata hivyo, hakimo katika tiketi ya kawaida. Ni programu ya vikundi ambayo vijana huvalishwa sare na vifaa vya askari wa Australia wa 1917, wakapangwa kama platuni, yaani kikosi kidogo cha askari, na kutembezwa kuelekea makaburi ya vita ya Tyne Cot kwa kufuata nyayo za askari walioshambulia mwinuko huo tarehe 4 Oktoba 1917, katika mapigano ya Broodseinde. Binti yangu alishiriki pamoja na shule yake, nami nilikuwa miongoni mwa wazazi walioruhusiwa kufuata nyuma. Kuvaa tu kulichukua muda mrefu: koti la sufu linalowasha shingoni, kofia ya chuma inayoteleza machoni, mikanda ya mkoba inayopita begani na kiunoni. Hatukuwa tumekwenda mbali aliponigeukia akasema, "Baba, mkanda huu unanikata bega, na hata sijabeba chochote cha maana." Alikuwa amesema kweli, maana askari wa wakati ule aliingia vitani na mzigo wa takriban kilo 27 au zaidi ukijumlisha bunduki, risasi, sepetu, maji na chakula, na koti lililolowa tope liliongeza uzito wa kila hatua. Hakuwa na njia nzuri ya kutembelea kama yetu, alikuwa na ubao mwembamba uliotandazwa juu ya tope, na kuteleza kutoka kwenye ubao huo usiku kuliweza kuwa kifo.

Kinachonipendeza katika programu hiyo ni kwamba kila kijana hupewa wajibu wake katika platuni. Kwa kuwa platuni ya 1917 ilikuwa na vikosi vya bunduki za kawaida, vya bunduki ya Lewis (bunduki nyepesi ya rashasha), vya warusha mabomu ya mkono na vya mabomu yanayorushwa kwa bunduki, mwanafunzi anajikuta akimtegemea mwenzake, na swali la nani yuko wapi linakuwa zito kadiri mwendo unavyosonga. Walimu wa historia katika shule zetu wangependa kuona jinsi vijana walivyoanza kuuliza maswali wenyewe badala ya kuulizwa. Nani alibeba maji? Majeruhi aliachwa? Mtu akikataa kuendelea je? Mwongozaji alijibu swali hilo la mwisho bila kulizungusha: askari 306 wa majeshi ya Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na wenzao kwa makosa kama utoro na woga, wengine wao wakiwa ni watu waliokwisha kuvurugika akili kwa mabomu, na serikali ya Uingereza iliwasamehe rasmi mwaka 2006.

Safari ya kwenda Tyne Cot, iwe kwa programu hiyo au kwa miguu peke yako kupitia njia iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, isikatizwe. Kuna makaburi karibu 12,000 mahali pale, na zaidi ya 8,300 kati yake hayana jina la aliyezikwa. Kwenye ukuta wa nyuma yamechongwa majina karibu 35,000 ya askari ambao miili yao haikupatikana au haikutambuliwa, na katika jengo la wageni sauti ya msichana husoma majina bila kukoma. Hapa hakuna kitu cha kugusa wala cha kunusa, na baada ya saa kadhaa za kugusa na kunusa, utulivu huo una nguvu ambayo usingekuwa nayo kwa mtu aliyeshushwa pale moja kwa moja na basi la watalii.

Hapo pia ndipo nilipowafikiria watu wetu, na ninaomba msomaji aniruhusu nieleze, kwa kuwa jambo hili halitengani na huduma ninayoipitia. Mwaka huo huo wa 1917, wakati Flanders, eneo hili la Ubelgiji, ikizama katika tope, majeshi ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani yalikuwa yakifukuzana kusini mwa Tanzania ya leo, na chakula na risasi zao vilibebwa vichwani na wapagazi. Upande wa Uingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na si chini ya 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Walibeba mizigo ya takriban kilo 25, wengi bila viatu, na posho ya unga ambayo mara nyingi hawakuwa na muda wa kuipika ikaiva. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliolitumikia jeshi la Uingereza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Askari asiyejulikana wa Tyne Cot ana jiwe lake. Mpagazi wa Ukamba, Unyamwezi au Maniema ana sehemu yake katika sanamu ya mjini Nairobi, na majina ya mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi, yaliyotokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ambako mamilioni hununua nguo na nyanya bila kuambiwa mtaa ulianzaje.

Mbinu ya Zonnebeke inafaa kwa historia hiyo kuliko teknolojia ya gharama kubwa. Karibu na Taveta, kwenye kilima cha Salaita ambako askari wa Afrika Kusini wa upande wa Uingereza walirudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani tarehe 12 Februari 1916, mabaki ya mahandaki bado yapo ardhini, hayahitaji kujengwa upya. Mzigo wa kilo 25, kibaba cha unga, jua la mchana, njia ya kilomita chache na mwongozaji anayejua anachokisema vingetosha kumfanya mwanafunzi wa Voi au wa Moshi akumbuke maisha yake yote. Hata sauti zipo: Albert Kudjabo, Mkongo aliyepigana katika jeshi la Ubelgiji na kukamatwa na Wajerumani, alirekodiwa na wataalamu wa Kijerumani akiwa mfungwa, na rekodi zake zimehifadhiwa Berlin. Fikiria kijana wa Kinshasa au Bukavu akiisikia sauti hiyo katika chumba chenye giza hafifu. Kwa makumbusho ya Afrika Mashariki na Kongo yanayotafuta njia ya kuwarudisha vijana milangoni, ningependekeza wapeleke watu wao Zonnebeke wakajifunze jinsi uteuzi ulivyofanywa, yaani kipi kiguswe, kipi kinuswe, na kipi kiachwe kimya.

Wanaopanga kwenda wajue mambo machache. Ieper inafikika kwa treni, na kutoka hapo kuna basi la kwenda Zonnebeke. Wenye baiskeli watafurahia njia ya reli ya zamani. Tenga nusu siku kwa makumbusho na mahandaki, na siku nzima ikiwa utaunganisha na Tyne Cot. Familia iliyo na muda wa siku mbili ianzie Ieper katika makumbusho ya In Flanders Fields, yaliyofunguliwa upya mwaka 2012 ndani ya jengo la zamani la wafanyabiashara wa nguo, ambako ndiko palipotumika bangili yenye chipu iliyomletea kila mgeni masimulizi kulingana na taarifa alizojaza. Ni ushirikishaji wa namna nyingine, wa kumkutanisha mtu na maisha ya mtu mmoja mmoja, na unatangulia vizuri kabla ya Zonnebeke inayoufundisha mwili.

Vyumba vya chini ya ardhi havimfai anayeogopa mahali pafinyu, wala mzee mwenye shida ya magoti. Kwa watoto walio chini ya miaka 9 au 10 ningeanza na mahandaki ya bustanini kwenye mwanga wa jua, kisha mzazi apime mwenyewe kama washuke. Asiyesoma lugha yoyote kati ya zile nne za vibao aende na mtu wa kumtafsiria, maana harufu na mbao zinajieleza, lakini tarehe na majina hayajielezi. Viatu viwe vya kufunga na visivyoogopa maji, hata kiangazi. Kikundi kinachotaka programu ya platuni kiwaandikie mapema, kitaje umri wa vijana na lugha wanayoielewa, na kiulize bei ya wakati huo, kwa sababu nafasi zake hazipatikani mlangoni.